Kusoma Biblia kila siku bila kuruka vifungu vigumu

Wengi wanaoanza kusoma Biblia kila siku wakaacha njiani si wavivu. Baadhi yao walijipangia sura nyingi kuliko walizoweza kuzitafuna. Wengine walikutana na kifungu kilichowashtua, hawakujua la kufanya nacho, wakakiruka kimya kimya, na tangu siku ile wakawa wanasoma kwa tahadhari, wakichagua mahali salama tu. Mwongozo huu unagusa yote mawili, lakini hilo la pili ndilo litakalochukua nafasi kubwa.

Kipimo cha siku

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189: Agano la Kale 929 na Agano Jipya 260. Ukizigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kidogo kwa siku. Ile ya Kikatoliki, yenye vitabu 73, inadai zaidi kidogo. Sura tatu kwa siku zinasomeka bila shida, ila huko ni kusoma kwa kupita ili uijue njia nzima. Tafakari ni kazi nyingine, na inahitaji mistari 10 hadi 20 tu. Ukitaka yote mawili, soma sura zako kwa mwendo wa kawaida, kisha chagua fungu moja fupi ndani yake ulikalie. Ukijaribu kutafakari sura tatu nzima, kufikia wiki ya pili utakuwa unatia alama za kumaliza tu.

Mahali mpango wa mwaka unapovunjika panajulikana. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo msomaji anayekwenda sura tatu na kidogo kwa siku anaingia Mambo ya Walawi karibu na siku ya 28. Huko kuna sura 27, nyingi zikiwa za sadaka, ukoma na unajisi, na baada yake Hesabu inaanza na orodha za majina. Dawa yake ni kusoma sura za Walawi kwa haraka, ukisimama kwenye sura ya 16 (Siku ya Upatanisho) na ya 19 (ndiko iliko amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako), huku kila siku ukiongeza fungu la Injili. Ukikosa siku mbili au tatu, usilipe deni. Anza na somo la leo. Wanaojaribu kulipa hujikuta na sura 12 za siku moja, na siku inayofuata hawafungui kabisa.

Njia ya pili ni kufuata masomo ya siku ya kalenda ya liturujia, yaani ya ibada za kanisa. Faida yake ni kwamba unasoma pamoja na kanisa zima na hujichagulii unachokipenda. Ina mtego mmoja: masomo hayo mara nyingi huacha mistari migumu. Zaburi 137, kwa mfano, husomwa mstari wa 1 hadi wa 6 na kuishia hapo. Mitatu ya mwisho haifiki masikioni mwa waamini. Sala ya Vipindi ya Kanisa Katoliki (sala rasmi za saa mbalimbali za siku), iliyorekebishwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliacha zaburi tatu nzima: 58, 83 na 109. Kwa hiyo ukiona rejea inaruka namba au inaishia kabla ya mwisho wa sura, fungua Biblia yako usome kilichorukwa. Na ukikuta zaburi imeandikwa kwa namba mbili, kama 23 (22), usibabaike: hesabu ya Kiebrania na ile ya Kigiriki na Kilatini zinapishana kwa moja katika sehemu kubwa ya Zaburi.

Njia ya tatu, na ndiyo tunayompendekezea anayeanza, ni kitabu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Marko ina sura 16. Gawa kila sura mara mbili na utaimaliza kwa mwezi mmoja na siku chache. Kufunua Biblia kwa kubahatisha na kuweka kidole hakumo katika njia hizi; kunakupa mstari usio na kichwa wala miguu, na moyo wako ndio unaoujazia maana.

Vitu vya kuwa navyo

Biblia yenye tanbihi chini ya ukurasa na marejeo pembeni. Tafsiri ya pili ya kulinganisha: kama unatumia ile ya Muungano ya mwaka 1952, weka kando yake Habari Njema au nyingine ya Kiswahili cha siku hizi. Itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno na mistari yalimo) au programu ya kutafuta maneno. Daftari la kawaida na kalamu. Ukisomea kwenye simu, zima intaneti kwanza, maana ujumbe mmoja ukiingia katikati ya mstari tafakari imekwisha.

Tenga dakika 25. Dakika 2 za kutulia na kuomba mwanga, 8 za kusoma, 8 za kuandika, 7 za sala. Ukiwa na 10 tu, punguza kusoma na sala kwa kiasi, lakini kuandika usikuondoe.

Hatua za siku ya kawaida

Kwanza, tafuta fungu linaanzia wapi na linaishia wapi. Namba za sura hazikuwekwa na waandishi wa Biblia. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanazuoni wa Kiingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Mara nyingine zimekata vibaya: wimbo wa mtumishi anayeteseka hauanzii Isaya 53:1, unaanzia 52:13. Vichwa vidogo vya habari navyo ni vya wachapaji. Kile kinachosema "Mwana Mpotevu" kinakufanya umsahau kaka yake, na ndugu huyo ndiye anayebaki nje ya karamu bila jibu lake kuandikwa. Rudi Luka 15:1-3 uone hadithi ilisimuliwa kwa nani, yaani Mafarisayo na waandishi waliokuwa wakinung'unika, na utajua kwa nini inaishia pale.

Pili, soma mara mbili, ya pili kwa sauti. Sauti hulazimisha jicho lisiruke. Katika kusoma huku kwa pili, weka alama kwenye neno linalorudiwa na kwenye jambo usilolitarajia.

Tatu, andika majibu mafupi ya maswali haya kabla ya kuandika lolote kuhusu nafsi yako: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetokea kabla tu ya hapa, neno gani limerudiwa. Hapa ndipo tafakari nyingi zinapoharibika. Msomaji anaanza na "linaniambia nini?" kabla hajajua linasema nini, na matokeo yake kila kifungu kinamwambia kile kile alichokuwa akikiwaza tangu jana.

Chukua Marko 4:35-41, dhoruba ziwani. Ukisoma kwa haraka unapata "Yesu hutuliza dhoruba za maisha", jambo ambalo ulilijua kabla hujafungua. Ukiandika kilichomo unaona mengine: kulikuwa na vyombo vingine pamoja nao, Yesu amelala juu ya mto wa kulalia katika shetri (nyuma ya chombo), swali la wanafunzi ni la lawama, kwamba hajali wanaangamia. Neno "kuu" linarudi mara tatu: dhoruba kuu, shwari kuu, hofu kuu. Hiyo hofu kuu inatajwa baada ya bahari kutulia. Kilichowatisha zaidi hakikuwa maji, alikuwa ni yule aliyekuwa nao chomboni. Sasa una kitu cha kutafakari.

Nne, andika swali moja linalokugusa na tendo moja linaloweza kufanyika kabla ya kulala. "Niwe mvumilivu" halitendeki. "Leo nikimsikiliza ndugu yangu sitamkatiza" linatendeka, na jioni utajua kama umelifanya.

Tano, omba ukitumia maneno ya fungu lenyewe. Kama fungu ni la lawama, sala iwe ya lawama. Usiigeuze kuwa shukrani kwa sababu shukrani inaonekana ya heshima zaidi. Zaburi 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, nayo ni sala kamili. Guigo wa Pili, mtawa wa karne ya 12, alizipanga hatua hizi kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Kidato cha mwisho hakilazimishwi. Siku nyingine hakifiki, na si kosa la mtu.

Ukikutana na kifungu kigumu

Simama. Usikimbilie mahubiri ya mtandaoni, wala usihamie kifungu cha faraja. Andika kinachokusumbua kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza, ukitaja mstari. "Agano la Kale ni la kikatili" hilo si swali. "Kwa nini 1 Samweli 15:3 inaagiza watoto wachanga wauawe?" ni swali, na linaweza kushughulikiwa.

Kisha jiulize ugumu wenyewe ni wa aina gani, maana kila aina ina dawa yake, na kutumia dawa ya aina moja kwa nyingine ndiko kunakozaa majibu yasiyomtosheleza mtu.

*Ugumu wa kutojua.* Desturi, mahali, cheo, kipimo. Huu ni mwepesi: tazama tanbihi, kamusi ya Biblia, au mistari ya jirani. Ruthu 4:7 inaeleza yenyewe kwa nini mtu alivua kiatu wakati wa makubaliano. Humo pia mna maswali ya hati za kale: Marko 16:9-20 na Yohana 7:53–8:11 havimo katika hati za kale zaidi za Kigiriki, ndiyo sababu Biblia nyingi huviweka ndani ya mabano au kuvitolea tanbihi. Usistuke ukikuta mabano, na usiyapuuze.

*Ugumu wa vifungu kugongana.* Viandike viwili ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa mmoja kabla ya kuvipatanisha. Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa 5 unaagiza umjibu. Imepangwa kwa makusudi, bega kwa bega, ili msomaji apime wakati wake. 1 Samweli 15 ni kali zaidi: mstari wa 11 na wa 35 vinasema Mungu alijuta kumtawaza Sauli, na wa 29 unasema yeye si mwanadamu hata ajute. Yote katika sura moja. Mwandishi hakupitiwa. Aliyetaka kuondoa mgongano angefuta mstari mmoja tu. Kaa na swali la kwa nini aliiacha yote miwili, ndilo litakalokufundisha kitu kuhusu Mungu anayehuzunishwa na mtu bila kuyumba kama mtu.

Paulo na Yakobo ni mfano mwingine mzuri wa mazoezi. Warumi 3:28 inasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema si kwa imani peke yake. Wote wawili wananukuu mstari ule ule, Mwanzo 15:6. Fuatilia kila mmoja anaangalia wapi katika maisha ya Abrahamu. Paulo (Warumi 4:10) anauliza ilikuwa kabla ya tohara au baada, naye anatazama kabla ya Mwanzo 17. Yakobo (2:21) anatazama Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Mmoja anajibu wanaodai tohara kwa watu wa mataifa, mwingine anajibu wanaomwambia mwenye njaa "nenda kwa amani" bila kumpa kitu. Mvutano haujaisha wote, lakini sasa unajua unavuta wapi.

Hata hivyo usipatanishe kila kitu kwa nguvu. 2 Samweli 24:1 inasema hasira ya Bwana ndiyo iliyomchochea Daudi awahesabu watu. 1 Mambo ya Nyakati 21:1, iliyoandikwa baadaye, inasema ni Shetani. Ukiwaunganisha katika sentensi moja laini, utapoteza kile ambacho kila mwandishi alitaka kusema.

*Ugumu wa kifungu kilicho wazi mno.* Wapendeni adui zenu, Mathayo 5:44. Viuzeni mlivyo navyo mtoe sadaka, Luka 12:33. Hapa hakuna lisiloeleweka. Ukijikuta unasoma ufafanuzi wa tatu juu ya mstari kama huu, huenda unatafuta ruhusa. Funga vitabu, urudi kwenye hatua ya nne.

*Ugumu wa dhamiri.* Huu ndio unaowaondoa watu, na unastahili muda mrefu. Anza kwa kutenganisha Biblia inaposimulia na inapoagiza. Yeftha kumtoa binti yake (Waamuzi 11) na suria aliyetendewa unyama Gibea (Waamuzi 19) ni masimulizi ambayo msimulizi hayasifu popote. Kitabu chenyewe kinatoa ufunguo katika 17:6 na tena katika mstari wake wa mwisho, 21:25: hapakuwa na mfalme, kila mtu alifanya alichoona ni chema machoni pake. Ukiyasoma kama mifano ya kufuata, umekisoma kitabu kinyume.

Lakini dawa hiyo haitoshi kwa vita vya Yoshua, kwa sababu huko amri inasemwa ni ya Mungu. Hatua ya kwanza ni kusoma kwa upana. Yoshua 10:38-39 inasema Debiri iliangamizwa asibaki mtu. 15:15-17 inaikuta Debiri ina wenyeji na Othnieli anaitwaa. Yoshua 13:1 inasema nchi kubwa bado haijamilikiwa, na Waamuzi 1 inaorodhesha makabila yaliyobaki. Rahabu na jamaa yake waliokolewa, Wagibeoni nao (sura ya 6 na ya 9). Kwa hiyo lugha ya "hakusaza mtu" isomwe pamoja na kurasa zinazoifuata.

Hatua ya pili ni kujua kwamba Wakristo wamejibu kwa njia kadhaa, na kila jibu lina gharama. Markioni, mwalimu wa karne ya 2, alilitupa Agano la Kale lote. Kanisa lilimkataa, maana ukilitupa humwelewi hata Yesu aliyelinukuu. Origene, mwanateolojia wa karne ya 3, alivisoma vita hivi kama vita vya roho dhidi ya dhambi. Inasaidia kuomba, lakini watu wa Yeriko wanatoweka katika maelezo. Wengine wanaelekeza kwenye Mwanzo 15:16, kwamba hukumu ilingoja hadi uovu wa Waamori utimie. Hilo linaheshimu maandishi, ila swali la watoto wachanga linabaki. Wengine wanashikilia kwamba lugha ya vita ya zamani ilikuwa ya kutia chumvi. Ina ushahidi ndani ya Yoshua yenyewe, lakini haiondoi amri. Na wengine wanasema lazima kila ukurasa upimwe kwa Kristo aliyekufa akiwaombea waliomsulubisha. Hapo inabidi ueleze amri ile ilitoka wapi. Andika jibu unaloliegemea pamoja na gharama yake. Jibu lisiloandikiwa gharama hukuangusha siku mtu mwingine atakapokuuliza.

Mfano mmoja hadi mwisho: Zaburi 137:9

Mstari unamwita heri atakayewakamata watoto wa Babeli na kuwaseta (kuwaponda) juu ya mwamba. Swali kwenye daftari: "Sala kama hii inafanya nini katika Biblia?"

Soma mistari yote tisa. Wanaosema ni mateka. Yerusalemu ilichomwa na Wababeli mwaka 587 au 586 KK, na 2 Wafalme 25 inasimulia njaa, moto na wana wa mfalme kuchinjwa mbele ya macho yake kabla hayajang'olewa. Mistari 1-6 ni kilio na kiapo cha kutosahau. Wa 7 unamwambia Mungu akumbuke Waedomu. Soma Obadia 10-14 ujue walifanya nini siku ile. Wa 8 na wa 9 vinageukia Babeli.

Sasa angalia ambacho hakipo. Hakuna amri. Hakuna anayenyanyua mkono. Hawa ni watu wasio na silaha, na kitu pekee walicho nacho ni maneno. Mstari wa 8 unazungumzia malipo ya kile "ulichotutenda sisi", maana yake wachanga waliosetwa kwanza walikuwa wao. Kwamba huo ulikuwa ukatili wa vita uliojulikana inaonekana katika 2 Wafalme 8:12 na Isaya 13:16.

Fuata marejeo mbele. Luka 19:41-44: Yesu anaulilia mji wa Yerusalemu akisema maadui watauangusha chini pamoja na watoto wake. Taswira ni ile ile, ila anayeisema analia. Warumi 12:19 inakataza kisasi na kumwachia Mungu. Zaburi hii, kwa ukali wake wote, tayari inafanya hivyo: inaipeleka hasira kwa Mungu badala ya kwenda nayo Babeli.

Watawa wa kale waliwasoma hao "wachanga" kama mawazo mabaya yanayopaswa kuvunjwa juu ya mwamba, yaani Kristo, yakiwa bado machanga. Ni ushauri mzuri juu ya majaribu. Usianze nao lakini. Ukianza nao hutamsikia mateka.

Kisha sala. Aliyetendewa ukatili anaweza kuiomba zaburi hii kama ilivyo, akamwachia Mungu. Asiyetendewa anaweza kuiomba kwa niaba ya walio kifungoni leo. Mwenye nguvu juu ya wengine aisome akiwa upande wa Babeli. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika mara nyingi. Baada ya haya yote mstari wa 9 unaweza kubaki unachoma, nawe andika tu: "bado unachoma".

Mahali watu wanapokosea

Kunyofoa mstari. Yeremia 29:11, juu ya mawazo ya amani na tumaini, imo katika barua kwa waliohamishwa. Mstari uliotangulia unasema miaka 70, na wa 5 unawaambia wajenge nyumba huko huko. Watu wazima wengi walioisikia mara ya kwanza hawakurudi. Ahadi haipungui uzito kwa kujua hivyo. Inakuwa ahadi kwa taifa na kwa watoto wao, na inakuzuia kumwahidi mtu kazi kabla ya mwisho wa mwezi.

Kutoangalia msemaji. Maneno yapendwayo ya Ayubu 8:7, kwamba mwanzo ukiwa mdogo mwisho utaongezeka, ni ya Bildadi. Ayubu 42:7 inasema Mungu aliwakasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kutonena yaliyo sawa. Hii haimaanishi kila walichosema ni uongo, ila usikinukuu kama kauli ya Mungu. (Hata Shetani, Mathayo 4:6, alinukuu Zaburi 91.)

Kusoma kifungu kisichofaa kwa wakati usiofaa. Aliyefiwa wiki hii hahitaji kupambana na 2 Wafalme 2:23-24. Mruhusu ahamie Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila kujilazimisha kufurahi, au Maombolezo 3.

Na lililo zito kuliko yote: mstari kutumika kumfunga mtu mahali anapoumizwa. Waefeso 5:22 haisomwi bila 5:21 inayowataka wote wanyenyekeane, wala bila 5:25 na 28. Biblia nyingi zimechomeka kichwa cha habari kati ya mstari wa 21 na wa 22, na wasikilizaji wengi hawajui kwamba sentensi imekatwa hapo. Mtu anayepigwa akiambiwa avumilie kwa sababu ya mstari, hilo si swali la daftari. Atafute usalama na msaada kwanza, tafakari itasubiri.

Swali lisipopata jibu

Kurasa za nyuma za daftari ziwe za maswali. Kwa kila swali andika tarehe, kifungu, swali kwa sentensi moja, na ulichokwisha kujaribu. Kila baada ya miezi mitatu pitia orodha na uandike kando ya kila moja: limejibiwa, limebadilika, au liko wazi. Mengi hubadilika, unagundua ulikuwa ukiuliza jambo jingine.

Ukilipeleka kwa mchungaji, padri, katekista au mwalimu wa Biblia, peleka moja tu, na mpe kifungu siku chache kabla. Ukimvizia mlangoni baada ya ibada utapata jibu la mlangoni. Katika kikundi, weka sharti kwamba dakika 10 za kwanza hakuna anayetoa jibu: kifungu kisomwe kwa sauti mara mbili na watu tofauti, kila mmoja ataje alichokiona ndani yake na kilichomsumbua. Bila sharti hilo, mwenye sauti kubwa atalitatua swali kabla wengine hawajalisikia. Kikundi cha watu wanne hadi wanane kinatosha.

Mwaka ukizunguka na ukifika tena kwenye kifungu hicho, soma na uandike upya kwanza, kisha ndipo ufungue kurasa za nyuma. Ukianza na daftari utaona ulichokiona mwaka uliopita tu.